Nani Ataje Siku ya Kuhama

Sogeeni karibu. Mwenye sufuria jikoni apunguze moto, na anayesinzia akae kando ya mtu wa kumfinya. Nina habari ya watu watatu na mto mmoja, na mwisho wake nitawaachia ninyi, kwa sababu mimi nimeuzungusha kichwani mpaka nimechoka.

Palikuwa na kituo kidogo cha kuangalia maji juu ya kilima, mwendo wa saa mbili kwa miguu kutoka kijiji cha Ikombwe. Kilikuwa chumba kimoja chenye dirisha moja, redio ya mawasiliano, na kompyuta moja kuukuu ya mezani. Huko milimani, ndani ya Mto Mbisi, vilifungwa vipimo viwili. Kimoja kiliitwa Juu na cha pili Kati. Kila baada ya dakika tano vipimo hivyo vilituma kina cha maji kwa redio, na kompyuta ikakionyesha. Kina kikifika mita tatu, mtu wa zamu alibonyeza vitufe, na ving'ora vitatu vikalia Ikombwe. Watu walipanda kwenye mwinuko wa kanisa, maji yakapita, wakarudi kufagia tope. Hivyo ndivyo walivyoishi kwa miaka kumi na moja.

Kituo kilitegemea watu watatu, na kila mmoja alikuwa na kipaji chake.

Atuganile, mama wa makamo aliyekaa zamu za mchana, alikuwa na vidole. Alikijua kila kitufe cha programu ile kama unavyoijua njia ya nyumbani kwenu gizani. Aliweza kuvijaribu ving'ora huku anamtazama mgeni usoni na kumuuliza habari za watoto.

Fundi Ambilikile, mzee asiyevua kofia yake ya sufu hata jua likiwaka, alikuwa na masikio. Aliweka kiganja juu ya kompyuta, akainamisha kichwa, kisha akakwambia kama feni imechoka au diski inataka kufa. Kompyuta ile ilishakata roho mara tatu. Mara tatu aliirudisha, kwa vipuri vilivyotoka kwenye redio na televisheni mbovu za watu.

Lugano, kijana aliyesomea kuandika programu mjini akarudi kwao, alikuwa na macho. Si macho ya kuona kilichopo, bali kinachokuja. Ukimpa namba tatu, alikutajia ya nne.

Basi siku moja Lugano aliingia kituoni na kompyuta mpakato kwapani, uso umemshuka.

"Shikamoo mama. Shikamoo Fundi. Nina habari mbaya. Kiunzi kimeachwa."

"Kiunzi gani tena?" Atuganile akauliza. "Umeanza useremala?"

"Programu yenu imejengwa juu ya kiunzi, mama. Ni kama mbao za nyumba. Vitufe, visanduku, maandishi, vyote mnavyoviona pale vimetundikwa kwenye hizo mbao. Sasa waliozitengeneza wametangaza kwamba hawazigusi tena. Ni za zamani mno, na kompyuta mpya hazizikubali. Siku mashine yenu itakapokufa kabisa, hakuna nyingine itakayoweza kuifungua programu."

"Imeshakufa mara tatu," Fundi akasema.

"Na ya nne, Fundi? Utaifufua?"

Fundi Ambilikile alivuta kofia yake ikakaribia kufunika nyusi. Atuganile alimjua mzee huyu kwa miaka mingi, na hakuwahi kumwona akikosa la kusema kuhusu mashine.

Lugano alifungua kompyuta mpakato. Alikuwa ameshaiandika programu yote upya, juu ya kiunzi kipya. Ilikuwa na rangi, maandishi makubwa, na mstari uliochora jinsi maji yalivyopanda na kushuka tangu asubuhi. "Tuhame sasa," alisema. "Zimebaki wiki tatu masika yaanze."

"Ni nzuri," Atuganile akakiri. "Lakini imewahi kuona mafuriko?"

"Bado."

"Basi mama yangu asiwe somo lake la kwanza."

Hakuwa anatania. Mama yake, Bibi Tusekile, aliishi katika nyumba iliyokuwa karibu na mto kuliko zote Ikombwe, na miguu yake ilivimba, hakuweza kutembea haraka. Mwaka mmoja kabla ya kituo kujengwa, mto ulimchukua kaka yake Atuganile mchana kweupe, akiwa amekwenda kufungua ng'ombe. Tangu hapo watu walimsihi bibi ahame, naye alikataa. "Nihame kwa nini?" alikuwa akimwambia binti yake. "King'ora kikilia najua ni wewe unaniita. Wewe utaacha kuniita?"

Maneno hayo yalimkaa Atuganile shingoni kila alipoketi mbele ya kompyuta. Kwake, kubadilisha programu kulikuwa kama kubadilisha sauti yake, halafu kuomba kwamba mama ataitambua.

"Tuhame masika yakiisha," alisema. "Mto ukiwa umelala."

"Na mashine ikifa katikati ya masika?" Lugano akauliza.

"Na yako ikigoma katikati ya masika?"

"Nyamazeni," Fundi akasema. "Ziwekeni zote mbili pamoja, mpaka moja ijionyeshe."

Walimpelekea habari mwenyekiti wa kamati ya mto, mama mmoja aliyeitwa Ikupa. Alisikiliza huku akizungusha pete kidoleni. "Nikisema tuhame leo na hii mpya ikagoma, nimeua watu," alisema. "Nikisema tungoje na hii ya zamani ikafa, nimeua watu. Nipeni muda." Aliruhusu kompyuta mpakato ikae kituoni, Atuganile aizoee. Ila isiunganishwe na ving'ora, wala redio isiguswe mpaka kamati iamue.

Wiki ya kwanza ikapita, ikaingia ya pili. Katika siku hizo za kungoja, kila mmoja wa watatu alitenda jambo moja kwa nia njema kabisa. Yashikeni vizuri haya matatu.

Fundi aliona kwamba programu mpya haiwezi kujifunza mto bila kuusikia. Basi siku moja akiwa peke yake aliukata waya wa redio, akaugawa mara mbili, mmoja kwenda kompyuta kuukuu na mwingine kwenda mpya. Kiungo alikifunga kwa utepe, akakipitisha juu ya kizingiti cha dirisha. Kwa kamati hakusema. Alijiambia kwamba kuusaidia waya si kuugusa.

Lugano aliona jinsi Atuganile anavyoiogopa programu mpya, akamhurumia. Akairekebisha ili vitufe vyote vifanye kazi kama kule alikokuzoea. Kule, kisanduku cha onyo kilifungwa kwa kitufe cha Ingiza, basi na huku akafanya kifungwe kwa Ingiza. "Ujisikie nyumbani, mama," alisema.

Na Atuganile? Yeye alifanya alivyofanya siku zote. Programu ya zamani ilikuwa na kasoro moja ya miaka. Kila ilipofunguliwa ilitoa visanduku vitatu vya onyo kulalamikia printa, na printa yenyewe ilishachukuliwa na watu wa wilaya. Kwa hiyo kila mtu wa zamu alifundishwa kubonyeza Ingiza mara tatu haraka, bila kusoma. Jambo hilo waliliita kupiga hodi. Atuganile ndiye aliyewafundisha wote. "Piga hodi tatu, uingie, ukae," alikuwa akisema, na watu walicheka.

Alhamisi moja, wiki nzima kabla ya wakati wake, mvua ilinyesha milimani. Kituoni yalikuwa manyunyu tu, yaliyopigwa na upepo dirishani. Yalilowesha kizingiti. Yalilowesha na utepe wa Fundi. Saa sita na nusu mchana, maji yaliingia kwenye kiungo, na sauti ya kipimo cha Juu, ambayo siku zote ilikuwa hafifu, ikapotea.

Programu ya zamani haikusema kitu. Ilishikilia namba ya mwisho, mita moja na nukta nne.

Programu mpya ilisema. Ilitoa kisanduku chekundu katikati ya kioo: kipimo cha Juu kimenyamaza. Atuganile alikuwa anafungua chupa ya chai. Mkono wake wa kushoto uliona kisanduku kabla ya macho yake, ukapiga hodi tatu. Kisanduku kikatoweka. Akamimina chai.

Alikunywa nusu kikombe. Hapo ndipo hofu ilipomjia, na hakujua imetokea wapi. Aliitazama namba ya Juu. Moja nukta nne. Akangoja. Moja nukta nne. Akatazama na kwenye kompyuta mpya. Moja nukta nne. Kwa miaka kumi na moja ameutazama mto ule, na hata wakati wa kiangazi tarakimu ya mwisho haikutulia, ilicheza kama kope za mtu anayeota.

"Lugano," aliita, na sauti yake ilitoka ndogo. "Lugano, huu mto umesimama. Mto hausimami. Hii namba imekufa."

Lugano alikuwa kibarazani na Fundi. Aliingia mbio, akatazama kumbukumbu ndani ya programu yake, akageuka. "Juu imenyamaza tangu saa sita na nusu, mama. Programu ilikuonya. Hukuona kisanduku?"

Atuganile akatazama mkono wake wa kushoto.

"Tutazame Kati," Lugano akasema. Kipimo cha Kati kilikuwa bado kinasikika. Kompyuta kuukuu ilionyesha mita mbili na nukta moja, namba isiyomtisha mtu. Lakini kwenye kompyuta mpya, mstari wa Kati ulikuwa umeinuka kama ngazi iliyoegemezwa ukutani. Lugano aliufuata kwa kidole, midomo ikihesabu. "Dakika ishirini na tano itafika tatu. Na haitaishia tatu. Tukingoja tatu, maji yatawakuta kabla hawajafika kanisani."

"Watoto wako shuleni," Fundi akasema.

"Na mama yangu yuko nyumbani," Atuganile akasema, akaunyosha mkono kwenye kompyuta kuukuu, kwa sababu ndiyo peke yake iliyounganishwa na ving'ora.

Radi ikapiga. Umeme ukaruka, ukarudi, ukaruka tena, na ndani ya kompyuta kuukuu kitu kikalia pa. Harufu ya kuungua ikajaa chumba. Kioo kikawa cheusi.

Redio ilikuwa na betri yake, kama ving'ora vya kijijini, na kompyuta mpakato iliendelea kuwaka, mstari wake ukipanda. Lugano alipiga simu Ikombwe. Hapatikani. Akapiga kwa mwalimu mkuu. Hapatikani. Mnara wa simu ulikuwa umelala pamoja na umeme.

"Nikimbie?" alisema.

"Saa mbili kwa miguu?" Fundi alikuwa ameshapiga magoti. "Nipe bisibisi. Na uzime ile jenereta ya maneno mdomoni mwako, nataka kusikia."

Aling'oa kasha la umeme lililoungua, akachukua betri ya pikipiki ya Lugano, iliyokuwa imelala kibarazani bila gurudumu la mbele, akaunga waya hapa na pale. Mwishowe waya mmoja haukuwa na pa kushikia, akaubana kwa vidole vyake viwili, akakunja uso. "Washa," alisema. Feni ilizunguka. Kioo kilibaki cheusi. "Kioo kimekwenda. Mashine iko hai, lakini haioni na haionekani."

Atuganile aliketi mbele ya kioo cheusi, akaona uso wake tu. Njia aliijua. Hodi tatu, kisha kitufe cha F4, kisha mshale chini mara mbili, kisha Ingiza. Mshale ukishuka mara mbili, ving'ora vinalia. Ukishuka mara tatu, ving'ora vinafungwa kwa saa nzima. Na akianza mapema, kabla programu haijaamka, hodi zake zitaangukia hewani na hesabu yote itaharibika.

"Siwezi kujua imeamka," alisema. "Kaka Ambi, siwezi kujua."

"Tulia. Diski inakuna." Mzee alikuwa ameinamisha kichwa, jasho likimdondoka puani, vidole kwenye waya. "Inakuna bado. Bado. Bado, Atu, usiguse."

"Kati ni mbili na nukta tano," Lugano akasema. "Mama, sasa hivi, tafadhali."

"Bado, nimesema!"

Kisha Fundi akapumua. "Imetulia."

Atuganile akafumba macho, maana kioo kile kilikuwa kinamdanganya. Akapiga hodi tatu. F4. Chini. Vidole vikasita, akawaza kama ameshuka mara moja au mara mbili, na kwa kitambo kama cha kumeza mate hakujua. Akaviacha viende vyenyewe. Chini. Ingiza.

Taa ya redio ilimeta mara moja. Maana yake ujumbe umeondoka. Kama ulikuwa wa kuliza ving'ora au wa kuvifunga, taa haikusema.

Fundi akaachia waya, vidole vimebabuka. Hakuna aliyesogea. Mvua yenyewe ikafika kilimani na kulifunika bati, na hata kama ving'ora vingekuwa uani wasingevisikia. Walikaa vile, watu wazima watatu, wanautazama mstari unapita mita tatu, unapita nne. Atuganile alimwita mama yake kwa sauti ya chini, kwa jina alilomwita utotoni, tena na tena. Ilikuwa saa kumi jioni pikipiki ilipopanda na mtu aliyejaa tope mpaka masikioni.

"Nani aliyepiga mapema hivyo?" alifoka. "Tulidhani mnajaribu! Bibi Tusekile ndiye aliyetutukana mpaka tukatoka. Amesema binti yake hachezi na king'ora. Tumembeba juu ya mlango."

Mto ulichukua mbuzi, mpunga uliokuwa shambani, na nyumba tisa, ya bibi ikiwa ya kwanza. Mtu haukuchukua hata mmoja.

Jumapili kamati ilikutana katika darasa la shule, sakafu bado inanata. Mwenyekiti Ikupa alisimama mbele ya ubao, chaki mkononi.

"Masika yenyewe hayajaanza," alisema. "Yale yalikuwa maji ya kutangulia tu. Siku ya kuhama kwenda programu mpya lazima itajwe leo, na mimi nimeogopa vya kutosha. Kwa hiyo zawadi ya aliyeiokoa Ikombwe ni hii chaki. Mwenye kuiokoa aandike siku, nasi tutafuata bila kubisha."

"Basi nipeni mimi," Lugano akasema. "Bila mstari wangu mngekuwa mnangoja mita tatu. Naandika kesho. Ile mashine sasa inaishi kwa waya na betri ya pikipiki."

"Kijana, mstari wako uliliza king'ora?" Fundi akamuuliza. "Bila mimi mngeutazama ukipanda kama watazamaji wa mpira. Mimi siandiki siku. Nitaandika kwamba zikae zote mbili, mpaka ya zamani ife yenyewe."

"Zikisema maneno mawili tofauti, tutii ipi?" Lugano akarudisha.

Atuganile alichelewa kusimama. "Nyote mlikuwa mmekaa kibarazani," alisema. "Mimi ndiye niliyeona mto umesimama. Na vile vitufe, nani kati yenu angevipiga bila kuviona? Naandika baada ya masika. Lugano, programu yako ni nzuri, lakini vidole vyangu haviijui, na siku ile umeme ulipokatika hatukuwa na kingine isipokuwa vidole."

Wanakijiji walianza kupiga makofi, kila upande na mtu wake. Hapo ndipo mwalimu mkuu alipoinuka, mtu mpole aliyekuwa amepanda kituoni Jumamosi kuuliza yote yaliyotokea.

"Na waya, nani aliukata?" aliuliza. Fundi akavua kofia yake. "Na onyo, nani alilifanya lifungwe kirahisi vile?" Lugano akatazama viatu vyake. "Na nani alilifunga bila kulisoma?"

Atuganile alisikia macho ya mama yake mgongoni. Bibi Tusekile alikuwa ameketi kwenye dawati la darasa la kwanza, miguu imenyooshwa.

"Mama," Atuganile akasema bila kugeuka, "ni mimi."

"Najua," bibi akajibu. "Nauliza jambo moja tu, mniambie na mimi. Maji yakija wiki ijayo, ni nani ataniita?"

Nje, upande wa milima, palikuwa peusi.

Wenzangu, hapo ndipo habari ilipofika. Mmoja aliona kinachokuja, na wema wake ulilifanya onyo jepesi. Mmoja aliishika mashine kwa vidole vyake, na siri yake ndiyo iliyouziba mto mdomo. Mmoja alijua kwamba namba imekufa na akapiga vitufe gizani, na mkono huohuo ndio uliofunga onyo. Mwondoe yeyote, Ikombwe haipo. Na siku atakayoiandika mmoja inawatisha wale wawili, kila mmoja kwa sababu ya kweli.

Ikupa bado amenyoosha mkono, na chaki imeanza kulowa jasho. Haya, semeni ninyi mliosikia: yupo bibi anayengoja jibu, basi chaki mngemkabidhi nani?